Jino la Mpera

1

Kilikubali! Jamani, kile kiini kilikubali, na mimi nikaruka palepale karakanani, nikagonga kichwa kwenye rafu ya patasi, na wala sikusikia maumivu. Taa yake ndogo iliwaka rangi ya chungwa, ikazima, ikawaka tena na kutulia. Siku kumi na moja nilikuwa nakibembeleza kile kidude kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia, na asubuhi ile, kabla hata sijanywa chai, kikaamka.

"Mama! Njoo uone!"

Mama alikuja na mwiko mkononi. Hakuiangalia taa. Aliangalia chini yake.

"Hiyo ni sufuria yangu ya maandazi."

"Ndiyo, mama."

"Na hayo ni mafuta yangu ya alizeti."

"Lita mbili tu. Kiini kinapata joto sana. Kule kiwandani kilikuwa na feni kubwa kuliko sinia, mimi nina feni gani? Mafuta hayapitishi umeme lakini joto yanalibeba, ndiyo maana nimekilaza humo."

"Na mimi nitakaangia nini? Maji?" Alisogea nyuma hatua moja. "Kitalipuka?"

"Hakilipuki."

"Hata ile pasi ulisema hailipuki."

Akaondoka zake kurudi jikoni kwake, kwenye mafiga na kuni. Mama hajawahi kutoa kiganja chake kwa mashine yoyote. Tangu Daftari la Viganja lianzishwe, kila kitu chenye umeme huanza kwa kukusoma kiganja: jiko, simu, pikipiki, mlango wa zahanati. Yeye aliwaambia waandikishaji kwamba ana miaka sitini na minne na hajawahi kuomba ruhusa ya kupika, na hataanza sasa.

Kiini chenyewe, yaani ubongo wa mashine, kilitoka kwenye msumeno wa mkanda wa kiwanda cha mbao cha hapa chini ya mlima. Siku msumeno ule ulipomwaga damu, kiini kiliungua papo hapo, na Baraza la Mashine likaandika kwamba kimekufa na hakina la kusema. Kiwanda kikaniita mimi kufunga kipya. Na sisi mafundi wa huku tuna desturi yetu, haijaandikwa popote ila hakuna anayeibishia: kilichotolewa ni cha fundi. Ukitengeneza pampu, beringi mbovu ni yako. Ukitengeneza redio, kapasita zilizokufa ni zako. Basi nikakifunga kiini kwenye khanga, nikaja nacho nyumbani. Nikatoa kapasita mbili kwenye redio ya marehemu baba, nikalehemu, nikasubiri, nikalehemu tena.

Nilikuwa nakitaka kwa ajili ya mashine yangu ya kukereza. Msiicheke. Mota ni ya mashine ya kufulia, kitanda chake ni mbao mbili za mkaratusi, ncha ya nyuma ni ekseli ya baiskeli, na patasi inashikwa na mkono wa chuma niliouokota kwenye skrepa. Kilichokosekana ni akili. Na viini vya misumeno vina akili moja tu, lakini ni akili kweli: vinasikia. Kabla meno hayajagusa gogo, kiini kinasikiliza mlio wake na kujua pana msumari wapi, pana fundo wapi, mti una maji kiasi gani. Nilichomeka maikrofoni kwenye kitanda cha mashine, spika kwenye rafu, nikafunga kipande cha mti wa msindano, nikaweka kiganja.

Mota ikanguruma. Patasi ikasogea yenyewe, ikagusa, na maranda yakaanza kutoka membamba kama ganda la kitunguu, marefu, bila kukatika! Kisha spika ikasema kwa sauti kavu, "Fundo. Sentimita nne mbele," na patasi ikapunguza mwendo, ikapita juu ya lile fundo polepole, ikaongeza tena mwendo. Mimi nimekereza miguu ya meza tangu nina miaka kumi na miwili na sijawahi kupita juu ya fundo la msindano bila kunyofoa kipande. Nilipiga vigelegele peke yangu mle ndani mpaka kuku wakatawanyika uani.

Siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu kichwani, nayo ni vidole vya Gwakisa.

2

Gwakisa Mwaijande ndiye aliyekuwa opereta wa msumeno ule. Damu ile ilikuwa yake. Ulimchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia, na juma moja baadaye Baraza likamhukumu kwa uzembe, maana picha za kamera zilionyesha mkono wake uko chini ya roli ya kusukumia magogo na roli inazunguka. Ukihukumiwa uzembe wa mashine, jina lako linatiwa alama kwenye Daftari, na kuanzia hapo hakuna kitu chenye umeme kitakachokukubali. Huku tunasema mtu kanyimwa. Sitasema sheria hiyo ni ya kipumbavu. Kabla yake tulikuwa tunazika watu wa misumeno kila mwaka. Lakini mwanamume mwenye ndevu zake sasa anamsubiri mkewe arudi sokoni ndipo apashe uji, na zahanati anaingia pale tu mtu mwingine anapotoka.

Nilimwahidi vidole vitatu vya mti, vyenye viungo vinavyovutwa na uzi wa kuvulia samaki. Ukikunja kifundo cha mkono, vinafumba. Ukinyoosha, vinafumbua. Nilikuwa nimechora mpaka kucha. Angekuja saa tisa mchana kupimwa.

Kwa kazi hiyo nilichagua mpera. Mpera ndio mti wa mipini ya majembe, hauchaniki ovyo, na ukisugua kwa msasa unateleza. Kipande kilikuwa kimebaki pembeni ya karakana tangu kazi nyingine. Nikakifunga kwenye mashine, nikaweka kiganja. Patasi ikagusa, ikazunguka nusu, ikasimama.

"Mbao hii ina maji," kiini kikasema. "Asilimia ishirini na saba."

"Nani kakuuliza?" Nilikuwa nacheka. Nikaweka kiganja tena.

"Mti huu unafahamika. Ulivunjika."

"Ulivunjika wapi?"

Viini havijibu maswali kama watu. Ukikiuliza, kinakuonyesha kilicho nacho. Spika ikakwaruza, halafu ukumbi wote wa kiwanda ukajaa karakanani kwangu, ule mvumo wa mikanda na feni, na katikati yake sauti ya Gwakisa, mzima, mchangamfu, akimwambia mtu, "Subiri. Taa bado." Zikapita kama sekunde nne. Kisha mlio wa taa ya kijani, ule wa ti-ti unaomwambia opereta kwamba roli imeshikwa na breki na ni salama kuingiza mkono. "Haya, ya kijani hiyo. Naingia."

Halafu, tak.

Sauti ndogo tu. Baada yake roli ikaunguruma, na baada ya roli ni Gwakisa, na hapo nikachomoa waya wa spika kwa mikono miwili.

Mti mkavu ukivunjika hulia kwa ukali. Ule ulilia kizito, kama mua. Niliujua kabla hata sijataka kuujua.

Kabla ya ajali hiyo, roli ile ilikuwa imekatika gia, na kipuri kilikuwa majuma matatu mbali. Ambokile, msimamizi wa kiwanda, alikuja kwangu akasema, "Dada Tuse, mlima mzima huu hakuna mwingine wa kuweza," na mimi nikavimba kichwa. Nikamkatia gia ya mpera, meno arobaini na mawili, kwa msumeno mdogo na tupa, siku mbili sikulala vizuri kwa furaha. Baba alikuwa na sheria: mti wa kazi ya nguvu ukae darini, juu ya moto wa jikoni, masika mawili. Gogo lile lilikuwa limekaa majuma matatu. Mama alilishusha mwenyewe, akasogeza ncha yake karibu na moto, povu likatoka, akaniambia, "Hili bado linalia." Nikamjibu kwamba litakaukia hukohuko, karibu na mota kuna joto. Tukaipaka rangi nyeusi ifanane na zenzake, tukaifunga Jumapili hakuna mtu, maana kipuri kisichoandikishwa ni marufuku. Ilizunguka vizuri mno. Nilicheza pale kiwandani, Ambokile akanipigia makofi. Siku tisa baadaye Gwakisa akapoteza vidole.

Breki ya roli inashika kupitia gia ile. Jino likikatika breki haina cha kushika, na gogo la kilo mia tatu linateremka lenyewe, taa iwe ya kijani au nyekundu.

Nitawaambieni aibu yangu, kwa sababu nimeamua kusema yote. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba kiini kilichoungua kimetunza kila kitu, sauti kwa sauti, na kwamba ni mimi niliyekifufua. Furaha ile ilidumu kama pumzi mbili, kisha nikakaa chini kwenye maranda.

3

Nilimpigia Ambokile.

"Kaka, siku ya ajali uliniambia gia yangu ilikuwa nzima. Uliniambia umeitoa tu ili wakaguzi wasiione."

Nyuma yake nilisikia msumeno wenye kiini kipya ukichana mbao.

"Tuse, iko wapi hoja yako?"

"Ilivunjika?"

"Meno mawili. Niliitupa kwenye tanuri la boila." Akashusha sauti. "Sikiliza, mdogo wangu. Yaliyopita si ndwele. Gwakisa nimemtafutia kibarua cha kupanga mbao kwa mikono, anakula. Wewe ukinyimwa, nani atakula? Kile kitanda cha joto cha watoto njiti pale zahanati, juzi feni yake ilikufa, nani aliichongea pangaboi la mti? Leo kina watoto wawili. Mapacha. Fundi mwenye leseni wa karibu yuko saa saba kwa gari. Sasa wewe nenda kajitie kitanzi, halafu uje uniambie umemsaidia nani."

"Lakini yeye alisubiri taa, kaka. Nimemsikia."

"Umemsikia wapi?"

Nikakata simu. Kuhusu wale mapacha Ambokile hakuwa mwongo. Kile kitanda nimekifungua mara tano kwa mkono huu. Nakijua kuliko ninavyoijua nyumba yetu.

Nilipogeuka niliona mafuta kwenye sufuria yanatoa mvuke mwembamba. Nikatia kidole, nikakitoa haraka. Kapasita za redio hazikuumbwa kwa kazi ile. Kiini kilikuwa kinajipika taratibu, na kikiungua mara ya pili hakuna redio nyingine ya baba.

4

Gwakisa alifika saa tisa kasoro, akasimama mlangoni akisubiri aambiwe pita. Zamani alikuwa anaingia kwa kishindo na kuiba karanga.

"Shikamoo mama!" akaita kuelekea jikoni.

"Marahaba baba. Kula ugali kwanza, huyo fundi wako leo kageuza maandazi yangu kuwa umeme."

Akacheka kidogo. Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono wake wa kulia, ule wenye kidole gumba na cha shahada tu, na mimi nikaanza kupima kwa uzi. Nilikuwa nakosea na kuanza upya, akadhani ni furaha, maana ndivyo nilivyo.

"Usiharakishe, dada Tuse. Hivi vidole havina pa kwenda."

"Leo ni siku ya ngapi?" nikauliza.

"Ya nini?"

"Rufaa."

"Ah." Akaangalia mkono wake. "Ya tisini. Leo ndiyo mwisho, dirisha la Baraza linafungwa saa kumi. Siendi."

"Kwa nini huendi?"

"Niende na shahidi gani? Na pia..." Akasita. "Mwanzo nilikuwa nabisha. Nilikuwa namwambia mke wangu niliiona taa ya kijani, nilimwambia kila siku. Sasa, kusema kweli, sijui tena. Ukiambiwa jambo siku tisini unaanza kuliona. Usiku nikifumba macho naiona nyekundu. Labda niliingiza mkono kabla. Labda kweli mimi ni mzembe tu, sikujijua."

Uzi ukaniponyoka.

Angekuwa na hasira ningeweza kuvumilia. Mtu mwenye hasira ungemwongopea ukalala. Huyu alikuwa amekubali. Alikuwa amechukua kosa langu, akalivaa, na sasa lilikuwa linamkaa vizuri kiasi kwamba angezeeka nalo.

"Simama," nikasema.

"Hujamaliza kupima."

"Simama, Gwakisa! Nina shahidi. Beba hiyo sufuria. Usiiinamishe hata kidogo, na ukisikia inanuka maandazi uniambie."

5

Kutoka kwetu mpaka ofisi ya kata ni kilomita kumi na nne, na saba za mwisho ni mteremko wa udongo mwekundu kati ya mashamba ya chai. Nilifunga betri kwenye kibebeo cha pikipiki kwa mpira wa baiskeli, waya zikapita chini ya kwapa langu mpaka kwenye sufuria, na Gwakisa akakaa nyuma ameikumbatia kwa mkono wa kushoto na kile kilichobaki cha mkono wa kulia. Mama alisimama uani, mikono kiunoni.

"Sufuria yangu irudi!"

Tuliondoka! Sijawahi kuendesha hivyo na sitaki tena. Kila shimo lilikuwa na maana. Nilikuwa napiga kelele "Shimo!" na yeye anainua sufuria juu, "Kona!" na yeye anailaza upande wa pili, na mafuta yanamwagika kidogokidogo mgongoni kwangu, ya moto, mpaka blauzi ikashikana na ngozi. Wachuma chai walisimama na vikapu vyao kutuangalia.

"Dada Tuse! Ni shahidi gani anayekaangwa?" Gwakisa akauliza nyuma yangu.

"Kiini cha msumeno wako! Hakikufa! Kina sauti yako, umesema 'subiri, taa bado', nimekusikia kwa masikio yangu!"

Nikageuka kidogo, nikaona analia mdomo wazi, na bado sufuria kaishika sawasawa.

"Niliiona ya kijani?"

"Uliiona ya kijani!"

"Niliiona ya kijani!" Akaanza kupiga kelele maneno hayohayo kwa wachuma chai, kwa mbuzi, kwa nguzo za umeme, na mimi nikapiga naye, na kwa kilomita zile tatu nne nilisahau kabisa nilikokuwa naenda. Kisha akanigonga bega.

"Inanuka maandazi."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tisa.

6

Dirisha la Baraza liko ukutani nje ya ofisi ya kata, kioo chenye upana wa mlango, na sehemu ya kiganja chini yake. Hakuna karani. Nilichomeka waya wa kiini kwenye tundu la ushahidi, vidole vikiteleza kwa mafuta, mara ya kwanza ukakataa, mara ya pili, mara ya tatu ukaingia.

"Muhuri wa kiini umetambuliwa," dirisha likasema. Muhuri ule kila kiini huzaliwa nao na hakuna anayeweza kuuiga. "Rufaa ya Mwaijande, Gwakisa. Ushahidi wa sauti. Unachezwa."

Tukasikia wote wawili. Mikanda, feni. Subiri, taa bado. Ti-ti. Naingia. Tak. Gwakisa alijishika ukutani, lakini aliposikia ti-ti alitabasamu, na tabasamu lile lilibaki usoni mpaka mwisho, hata kelele zake mwenyewe zilipoanza. Kiini kilimaliza, kikalia kama yai linalokaangwa, na taa ya chungwa ikazimika. Moshi ukatoka kwenye sufuria. Hakikuwaka tena.

"Opereta alisubiri taa," dirisha likasema. "Sehemu ya breki ilivunjika. Sehemu hiyo ni ya mti. Orodha ya vipuri vya kiwanda haina sehemu ya mti. Ni ya nani?"

"Ya kiwanda!" Gwakisa akasema. "Si iko ndani ya mashine yao?"

"Kiwanda kimekana kuwa nayo. Sehemu isiyo na mwenyewe haitambuliki. Bila mwenyewe, hukumu ya awali inabaki. Dakika nne."

"Inabaki?" Akanigeukia. "Tuse, wewe fundi, liambie. Liambie ni ya Ambokile. Taja mtu yeyote!"

Na ingewezekana, nawaapia. Jina la Ambokile lilikuwa mdomoni, na si uongo wote, yeye ndiye aliyeitaka, yeye ndiye aliyeichoma. Dirisha lingemwita, angekana, mimi ningekana, lingechunguza mwaka mzima, na huenda Gwakisa angepona katikati ya vurugu ile. Niliwafikiria wale mapacha ndani ya kitanda cha joto na lile pangaboi linavyozunguka juu yao, lililokatwa na mikono hii. Nilifikiria mashine yangu ya kukereza. Nilimfikiria Gwakisa akifumba macho usiku na kuiona taa nyekundu ambayo haikuwahi kuwaka.

Nikaweka kiganja.

"Mwakalobo, Tusekile," dirisha likasoma.

"Gia ni yangu. Niliikata mimi, mti wa mpera, meno arobaini na mawili. Mti haukuwa umekauka. Niliambiwa haujakauka na nikaufunga hivyohivyo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona inazunguka. Ambokile alijua ni ya mti, lakini kwamba mti ulikuwa mbichi nilijua mimi peke yangu. Alama ya Gwakisa iondoeni. Yeye hana kosa. Liko kwangu."

Nilimsikia Gwakisa akiitua sufuria chini.

"Ungamo limepokewa. Mwaijande, Gwakisa: alama imeondolewa. Mwakalobo, Tusekile: umenyimwa kwa miaka mitano kuanzia sasa. Ondoa kiganja."

Nilipoondoa kiganja simu yangu ilizima mfukoni. Kule uani taa ya pikipiki ikafifia na kufa. Ilikuwa haraka kuliko nilivyodhani, na kimya kimya.

7

Nyuma ya ofisi kuna bomba la umma. Gwakisa alilifuata bila kunitazama, akabandika kiganja cha kushoto, akafumba macho. Maji yakatoka.

Alicheka. Alitia kichwa chake chote chini ya maji, akanywa, akatema, akanywa tena, akaondoa mkono maji yakakata, akaubandika yakaja, akauondoa, akaubandika, mtu mzima na ndevu zake, shati limelowa mpaka kiunoni. Nilicheka pia. Sikuweza kujizuia, furaha yake ilikuwa kubwa mno na mimi ndivyo nilivyo. Halafu nikaona mikono yangu imejaa mafuta na masizi mpaka kwenye viwiko, nikasogea, nikabandika kiganja.

Bomba likakaa kimya. Nikabandika tena, kijinga tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyohama.

Gwakisa aliacha kucheka.

"Siku tisini," akasema. "Mimi nakuja kwako unanipima vidole kwa uzi, unanichekesha, na wewe..."

"Kwamba ilivunjika nimejua leo asubuhi."

"Lakini kwamba ni yako ulijua."

"Nilijua."

"Na kwamba haijakauka."

"Nilijua, Gwakisa."

Akageukia upande wa mashamba ya chai. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye ndevu. Nilingoja anitukane, na nadhani ningepumua vizuri zaidi kama angenitukana. Nilikuwa tayari kutembea kilomita zote kumi na nne na sufuria ya mama kichwani.

Akarudi kwenye bomba. Akabandika kiganja chake, maji yakatoka kwa nguvu, na akabaki hapo ameshikilia, uso kaugeuzia kule.

"Nawa basi," akasema. "Maji yanamwagika."